Mwongozo Kamili wa Kushabikia Besiboli Ukiwa Katika Nchi Isiyocheza Besiboli

Besiboli ni mchezo wa kila siku. Ukilishika hilo tangu mwanzo, mengine yote yatakaa sawa. Timu moja ya MLB, ligi kuu ya Marekani na Kanada, hucheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, na siku zake za kupumzika ni chache. Shabiki wa soka huishi kwa wikiendi, tena mara nyingi kwa kijiwe: asipopata wa kubishana naye, nusu ya raha imekwisha. Shabiki wa besiboli huishi kwa mazoea. Mechi ya leo ikienda vibaya, kesho ipo nyingine. Ndiyo maana mtu aliye mbali na uwanja wowote, katika nchi ambako hakuna ligi wala gazeti linaloandika habari zake, anaweza kuwa shabiki kamili. Anachohitaji ni ratiba, masikio, penseli na subira ya msimu mmoja.

Nimezipanga hatua kwa mfuatano ambao ningempitisha mtu anayeanza leo. Mbili kati yake, ile ya saa na ile ya kadi, ndizo zinazoamua kama utadumu au utachoka kabla ya Juni, kwa hiyo nimezieleza kwa urefu.

Hatua ya 1: Jifunze hesabu, kanuni nyingine zitakuja zenyewe

Wengi huanza na kitabu cha kanuni na huishia hapohapo. Wewe anza na haya machache. Kila timu ina wachezaji tisa uwanjani. Moja inarusha na kulinda, nyingine inapiga, na zinabadilishana kila wapigaji watatu wanapotolewa, yaani auti tatu. Timu zote mbili zikishapiga, iningi moja imekwisha. Mechi ina iningi tisa. Mpigaji anatafuta kufika besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha arudi nyumbani. Akirudi, timu yake imepata mkimbio mmoja.

Kiini cha mchezo kipo katika zile mita 18.44 kati ya mrushaji na besi ya nyumbani. Mpira ukipita ndani ya eneo halali bila kupigwa, au gongo likiukosa, ni straiki. Ukipita nje ya eneo hilo na mpigaji akauacha, ni boli. Straiki tatu, mpigaji anatoka. Boli nne, anakwenda besi ya kwanza bure. Mpira uliopigwa ukaenda nje ya mistari ni fauli. Huhesabiwa straiki, ila kwa kawaida hauwi straiki ya tatu. Hesabu hutajwa boli kwanza: 3-1 ni boli tatu na straiki moja.

Sasa tazama hesabu inavyogeuza akili za watu wawili. Ikiwa 3-0, mrushaji amebanwa, lazima arushe ndani, na mpigaji analijua hilo; mara nyingi huuacha mpira upite kwa sababu boli moja tu inampa besi. Ikiwa 0-2, meza imepinduka. Mrushaji anaweza kurusha nje makusudi, mpira unaokuja kama mzuri kisha unazama karibu na gongo, na mpigaji analazimika kulinda kila kinachokaribia. Tazama mechi tatu nne ukifuata hesabu peke yake. Wale watu waliokuwa wanaonekana wamesimama bure utawaona wako vitani.

Usikatishwe tamaa na wanaosema mechi haziishi. Tangu 2023 MLB inatumia saa ya mrushaji: sekunde 15 besi zikiwa tupu, na sasa sekunde 18 kukiwa na mkimbiaji. Mechi ya kawaida iliyokuwa inazidi saa tatu ilishuka msimu huohuo hadi takribani saa mbili na dakika 40.

Hatua ya 2: Panga saa zako kabla ya kupenda timu yoyote

Hapa ndipo mashabiki wengi wa mbali huanguka. Wanachagua timu kwa jina, wanakesha wiki mbili, usingizi unawashinda, basi. Fanya kinyume: jua kwanza ni saa zipi za siku yako ziko huru, kisha utafute besiboli inayochezwa saa hizo.

Msimu mzima wa MLB huchezwa saa za huko zikiwa zimesogezwa mbele kwa ajili ya kiangazi, kwa hiyo hesabu yako haibadiliki katikati. New York iko nyuma ya GMT kwa saa 4, Chicago kwa saa 5, Los Angeles kwa saa 7. (Arizona haisogezi saa, ila nayo huangukia saa 7.) Andika tofauti ya kwako na GMT kwenye karatasi, ibandike unapoiona. Kama nchi yako nayo hubadilisha saa, kumbuka kukagua tena mwishoni mwa Machi na mwishoni mwa Oktoba.

Mechi ya jioni New York huanza karibu saa 1 usiku ya kule, sawa na saa 5 usiku kwa GMT. Kwa aliye saa 3 mbele ya GMT hiyo ni saa 8 usiku, wakati mbaya kuliko zote: kuchelewa kulala ni taabu, na kuamka ni taabu zaidi. Kwa aliye saa 8 mbele ni saa 1 asubuhi, na mambo yake ni mazuri. Mechi ya Los Angeles inayoanza saa 1:10 usiku ya kule ni saa 8:10 usiku kwa GMT. Yule wa saa 3 mbele anaipata saa 11:10 alfajiri. Huyo atalala usingizi wake wote, ataamka mapema kidogo, na mechi itakuwa imefika pazuri wakati wengine ndani ya nyumba wanaamka. Ndiyo maana huwa nawashauri walio katika ukanda huo waangalie timu za pwani ya magharibi kwanza: Dodgers, Giants, Padres, Mariners, Angels.

Kuna hazina nyingine ambayo wageni hawaijui: mechi za mchana. Jumapili, mechi nyingi huanza kati ya saa 7 na saa 10 mchana za kule. Siku ya mwisho ya mfululizo dhidi ya timu moja, mara nyingi Jumatano au Alhamisi, mechi huwekwa mchana ili timu iwahi kusafiri. Halafu kuna Chicago Cubs. Uwanja wao, Wrigley Field, haukuwa na taa hadi Agosti 1988, na hata sasa kuna mipaka ya mechi za usiku pale, hivyo Cubs wakiwa nyumbani hucheza mchana mara nyingi kuliko wengine. Mechi yao ya saa 7:20 mchana ni saa 12:20 jioni kwa GMT. Kwa mtu wa Ulaya au Afrika hakuna timu rahisi kuifuata kuliko hiyo.

Kama hakuna saa ya Marekani inayokufaa, tazama upande wa pili wa dunia. Mechi za usiku za NPB, ligi ya Japani yenye timu 12, huanza kwa kawaida saa 12 jioni ya Tokyo, sawa na saa 3 asubuhi kwa GMT. Za KBO ya Korea Kusini, yenye timu 10, siku za kazi huanza saa 12:30 jioni ya kule. Asubuhi au mchana wako unaweza kuwa usiku wao mtamu wa besiboli.

Baada ya hapo weka kanuni yako ya wiki na uiheshimu. Kwa wengi inayofaa ni hii: mechi moja au mbili moja kwa moja, moja ya kutazama baadaye, na zilizobaki kuzisoma. Mechi 162 hazitazamwi zote na mtu mwenye kazi na familia, hata anayeishi jirani na uwanja.

Hatua ya 3: Chagua timu, kisha usihame

Ukishajua saa zako, orodha ya timu 30 inapungua yenyewe. Katika zilizobaki, tafuta sababu ya moyoni. Mchezaji mmoja anatosha. Wapo waliofuata Dodgers kwa sababu ya Shohei Ohtani, anayerusha na kupiga vyote kwa kiwango cha juu, na ambaye 2024 alifikisha homurani 54 (mapigo yanayomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote hadi nyumbani) na besi 59 za kuiba (kukimbilia besi inayofuata bila mpira kupigwa) katika msimu mmoja. Wapo waliovutwa na Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, aliyekuwa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza MLB tarehe 26 Aprili 2017 akiwa na Pittsburgh Pirates, na katika zamu yake ya kwanza akapata pigo safi, yaani pigo lililomfikisha besi, dhidi ya Jon Lester wa Cubs. Mchezaji aliyetoka mahali pasipotarajiwa huwagusa kwa namna ya pekee mashabiki waliotoka mahali pasipotarajiwa.

Nisichokishauri ni kuchagua kwa kofia. Ile ya Yankees yenye herufi N na Y huvaliwa dunia nzima na watu wasiojua hata kwamba ni timu. Ukiipenda Yankees kwa historia yake, ubingwa 27, ni sawa. Kofia peke yake haitakuamsha alfajiri.

Timu ikishachaguliwa, kaa nayo, hata ikishika mkia. Timu bingwa katika besiboli kwa kawaida hupoteza mechi 60 hivi kwa msimu, na timu mbovu mara nyingi hushinda 60 hivi. Anayehama baada ya vipigo vitano mfululizo hataujua mchezo huu kamwe, kwa sababu utamu wake mwingi uko katika kuwajua watu walewale: nani anapenda mpira wa kwanza, nani huchoka akifika iningi ya sita, kocha gani hubadilisha mrushaji mapema.

Hatua ya 4: Panga njia zako za kuipata mechi

Huduma rasmi ya kutazama ni MLB.TV, ya kulipia. Hapa aliye mbali anamzidi aliye karibu. Ndani ya Marekani mechi za timu ya eneo lako kwa kawaida huzuiwa kwenye huduma hiyo kwa sababu ya mikataba ya vituo vya televisheni. Katika nchi nyingi zisizo na besiboli kizuizi hicho hakipo. Kabla ya kulipa, soma masharti ya nchi yako, na kama msimu umefika katikati angalia kama bei imeshushwa. Kwa misimu mingi kumekuwa pia na mechi ya bure karibu kila siku kwa mwenye akaunti.

Video inakula bando. Kwa kasi ya megabiti 3 kwa sekunde, mechi ya saa mbili na dakika 40 inachukua takribani GB 3.6. Sauti ya redio kwa kilobiti 64 haifiki MB 80 kwa mechi hiyohiyo. Huko si kubana matumizi tu. Besiboli na redio zimelelewa pamoja. Mrushaji anapojiandaa, mtangazaji ana sekunde chache za kukueleza upepo unaelekea wapi na mlinzi wa kati amesogea upande gani. Vin Scully aliwatangazia Dodgers misimu 67, kuanzia 1950 hadi 2016, na kuna vizazi vilivyoujua mchezo kwa sauti yake kabla ya kuuona. Kama Kiingereza cha watangazaji kinakwenda mbio, sikiliza huku umefungua Gameday, ukurasa wa bure katika programu ya MLB unaoonyesha kila mrusho ulipopita. Baada ya wiki chache masikio yatazoea, maana msamiati wao unajirudia.

Ukitazama baadaye, jilinde na matokeo. Programu ya MLB ina sehemu ya kuficha alama, iwashe. Zima arifa zote za michezo kwenye simu na usifungue mitandao ya kijamii kabla ya mechi. Kwa siku zenye shughuli nyingi kuna mechi iliyofupishwa, isiyo na nafasi kati ya mirusho, ambayo humalizika kwa dakika chache. Mimi huitumia kama akiba. Anayetazama hizo tu atajua kila homurani na hatajua kwa nini mrushaji alilazimika kurusha mpira ule katikati. Homurani ya iningi ya saba mara nyingi ilianza kupikwa na mpigaji wa iningi ya tatu aliyepiga fauli sita na kumchosha mtu.

Hatua ya 5: Andika kadi ya alama

Kama utachukua jambo moja tu hapa, chukua hili. Kadi ya alama ndiyo uwanja wa shabiki asiye na uwanja. Inakulazimisha kutazama kila mrusho, inakupa kumbukumbu ya mechi nzima kwenye ukurasa mmoja, na inakufanya mshiriki hata ukiwa peke yako saa 11 alfajiri. Aliyefanya zaidi kuutengeneza mfumo huu, Henry Chadwick, alizaliwa Exeter, Uingereza, mwaka 1824, na alikuwa mwandishi wa kriketi kabla ya kuipenda besiboli. Hata yeye aliuingia mchezo huu akitokea nje.

Chukua daftari. Chora safu tisa za majina kushoto, moja kwa kila mpigaji kwa mpangilio wao, na nguzo tisa kwa iningi tisa. Ndani ya kila kisanduku chora almasi ndogo yenye besi nne. Timu nyingine ipe ukurasa wa pili. Kisha kariri namba za nafasi, ambazo hazihusiani na namba za mgongoni: 1 mrushaji, 2 mdakaji, 3 besi ya kwanza, 4 besi ya pili, 5 besi ya tatu, 6 mlinzi aliye kati ya besi ya pili na ya tatu, 7 nyuma kushoto, 8 nyuma katikati, 9 nyuma kulia. Kushoto na kulia ni kwa anayetazama kutoka besi ya nyumbani.

Mpira wa chini uliookotwa na mlinzi namba 6 akaurusha besi ya kwanza unaandikwa 6-3. Mpira wa juu uliodakwa na wa katikati ni F8. Straiki tatu ni K. Kama mpigaji ameduwaa bila kuzungusha gongo, K hiyo igeuze, mgongo kulia. Besi ya bure ni BB, homurani ni HR, besi ya kuiba ni SB, kosa la mlinzi wa 6 ni E6. Mkimbiaji akisogea, chora mstari wa almasi hadi besi aliyofika. Akirudi nyumbani, paka almasi yote rangi. Auti iandikie namba yake, 1, 2 au 3, ndani ya mduara.

Fanya zoezi hili kwa mechi halisi: fainali ya World Baseball Classic, mashindano ya timu za taifa, Miami, tarehe 21 Machi 2023. Iningi ya tisa, Japani inaongoza Marekani 3-2, na Ohtani, aliyekuwa akipiga usiku ule, anapanda kilima kidogo anachosimama mrushaji ili arushe. Mpigaji wa kwanza, Jeff McNeil, anapata boli nne: andika BB, chora mstari hadi besi ya kwanza. Bobby Witt Jr. anaingia kukimbia badala yake. Andika PR na jina lake pembeni. Wa pili, Mookie Betts, anapiga mpira wa chini kuelekea mlinzi wa besi ya pili. Anauokota, anampa namba 6 aliyekanyaga besi ya pili, naye anaurusha besi ya kwanza: 4-6-3, auti mbili kwa mpira mmoja. Mstari wa McNeil unaukata, kisanduku cha Betts kinapata mduara wa 2.

Anabaki Mike Trout, ambaye wakati huo alikuwa mwenzake Ohtani katika Los Angeles Angels. Kwenye kona ya kisanduku chake weka nukta kwa kila mrusho: boli, straiki, boli, straiki, boli. Hesabu imejaa, 3-2. Mrusho wa sita ni slaida inayokata kwenda nje, Trout anazungusha gongo, anaukosa. K, mduara wa 3, piga mstari mzito chini. Visanduku vitatu tu, na usiku mzima umo ndani. Video ya iningi hiyo inapatikana kwa urahisi. Itazame ukiandika, kisha funika video usimulie iningi yote kwa kusoma kadi peke yake. Ukiweza, umeshaijua kazi.

Andika kadi kamili angalau mara moja kwa wiki. Mwanzoni utapitwa na mambo, hasa wachezaji wakibadilishwa. Acha kisanduku wazi, malizia baadaye kwa kutazama kumbukumbu ya mechi kwenye Gameday.

Hatua ya 6: Namba chache zinatosha

Takwimu za besiboli ni bahari, na intaneti imejaa wanaoogelea ndani yake. Kwa mwaka wa kwanza chukua tatu. Wastani wa kupiga: mapigo safi gawanya kwa zamu rasmi za kupiga, ambazo hazihesabu besi za bure. Mapigo 150 katika zamu 500 ni 0.300, na huyo ni mpigaji mzuri sana ingawa ameshindwa mara saba katika kumi. Katika American League na National League, ligi mbili zinazounda MLB, hakuna aliyemaliza msimu na 0.400 tangu Ted Williams alipopata 0.406 mwaka 1941. Pili, kiwango cha kufika besi, kinachoongeza besi za bure: yule wa 150 akiwa na besi za bure 60, bila kuhesabu mengine, anakuwa na 210 katika 560, yaani 0.375. Hiki nakiamini kuliko wastani wa kupiga, kwa sababu asiyetolewa anaiweka timu hai. Tatu, ERA ya mrushaji: mikimbio aliyosababisha mwenyewe zidisha kwa 9, gawanya kwa iningi alizorusha. Mikimbio 60 katika iningi 180 ni 3.00.

Ukizijua hizo, jedwali la mechi unalolifungua asubuhi linageuka kuwa simulizi. Baseball-Reference ina kumbukumbu za wachezaji wote wa ligi kuu, na Baseball Savant hutoa bure vipimo vya Statcast, mfumo uliofungwa katika viwanja vyote vya MLB tangu 2015, wa kasi ya mpira na pembe ya pigo.

Hatua ya 7: Jaza mwaka mzima

Oktoba ni mwezi wa mchujo: timu 12, raundi nne, ya mwisho ikiwa World Series ya kushinda mechi nne kati ya saba. Mechi nyingi za mwishoni huanza karibu saa 2 usiku ya New York, sawa na saa 6 usiku kwa GMT, kwa hiyo panga usingizi na likizo mapema. Tahadhari: katika msimu wa kawaida, iningi za nyongeza huanza na mkimbiaji akiwa tayari besi ya pili ili mechi iishe haraka. Katika mchujo kanuni hiyo haitumiki. Mechi ya tatu ya World Series ya 2025 kati ya Dodgers na Blue Jays ilikwenda iningi 18.

Novemba watu husema msimu umekwisha. Haujaisha. Jamhuri ya Dominika, Venezuela na Meksiko wana ligi za majira ya baridi zenye kelele na ngoma majukwaani, na mabingwa wao hukutana Februari katika Mfululizo wa Karibiani. Australia nayo hucheza Desemba na Januari. Februari timu za MLB huingia kambini Florida na Arizona. Agosti usikose mashindano ya shule za sekondari za Japani katika uwanja wa Koshien, uliofunguliwa 1924. Timu ikifungwa mara moja inarudi nyumbani, na vijana wale hucheza kama hakuna kesho. Besiboli pia inarudi katika Olimpiki za Los Angeles mwaka 2028.

Hatua ya 8: Tengeneza wenzako

Usimfundishe mtu kanuni zote. Mkalishe iningi moja, mwoneshe hesabu, muulize kabla ya kila mrusho: ndani au nje? Akianza kukasirika kwa kukosea, umempata.

Kisha mcheze. Shirikisho la dunia, WBSC, lina Baseball5, mchezo wa wachezaji watano kila upande na iningi tano, bila gongo na bila glavu. Mpira ni wa kawaida wa raba, mpigaji anaupiga kwa kiganja au ngumi, na lazima udunde ndani ya uwanja. Besi zina umbali wa mita 13, na eneo la kuchezea ni mraba wa mita 18. Sehemu yoyote tambarare inatosha, na besi mnaweza kuzichora kwa chaki. Auti, besi na mikimbio ni zilezile, kwa hiyo aliyecheza alasiri moja ataelewa mechi ya MLB usiku.

Na asikudanganye mtu kwamba nchi zisizo na besiboli hazina nafasi. Katika World Baseball Classic ya 2023 timu ya Cheki ilijaa watu wenye kazi zao za kawaida. Kocha wao, Pavel Chadim, ni daktari wa mishipa ya fahamu. Mrushaji wao, Ondřej Satoria, fundi umeme, alimtoa Ohtani kwa straiki tatu mjini Tokyo.

Ukifika wakati wa kutaka vifaa vya kweli, anza na glavu mbili na mpira mmoja, gongo lisubiri. Glavu huvaliwa mkono usiorushia: anayerusha kwa kulia anavaa kushoto, kwa hiyo ukiagiza kwa mtandao soma vizuri ni ya mrushaji wa mkono gani. Kwa mtu mzima inchi 11.5 hadi 12 zinafaa nafasi nyingi. Glavu mpya ya ngozi ni ngumu. Weka mpira ndani ya mfuko wake, ifunge kwa kamba usiku, na mchana rushianeni karibu karibu, mita tano au sita, mpaka ianze kujifunga yenyewe mpira unapoingia. Kisha rudi nyuma hatua kwa hatua mpaka mfikie mita 18.44, mmoja wenu achuchumae kama mdakaji, na mwingine ahesabu boli na straiki.